Saumu ya Mkono wa Bi Mwanvita

Katika mji wote wa Bagamoyo hakuna mita ya maji inayosomwa taratibu kama ya nyumba yetu. Nyumba nyingine Mikdad huingia, huinama, huandika, hutoka. Kwetu huinama mpaka mama yangu humuuliza kama ameangusha kitu.

"Hodi! Mita!"

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa uani kwenye cherehani yangu, nashona gauni la bibi harusi wa watu. Jina langu ni Mwanaharusi. Nina miaka thelathini na miwili, nawashonea maharusi wa mji mzima, na mwenyewe sijaolewa. Anayetaka kunitania kwa hilo amechelewa, nimeshataniwa vya kutosha.

"Karibu," mama akajibu kutoka jikoni. "Mita unaijua ilipo."

"Shikamoo, Bi Dija."

"Marahaba. Isome uende, mwanangu, jua kali."

Kulikuwa na mawingu.

Mikdad akapita mbele yangu, akainama penye mita, hatua tano kutoka nilipokaa. Hizo hatua tano ndizo tulizoachiwa. Miezi saba sasa hatujakaa kitako tukazungumza. Kila tarehe kumi na mbili anakuja kusoma mita, na tarehe kumi na mbili mimi huvaa gauni lililopigwa pasi. Nilimtazama kisogo. Kola ya shati lake ilikuwa imefumuka upande mmoja, nikatamani ninyanyuke na sindano niishone hapo hapo akiwa ameivaa. Mikono yangu ikabaki juu ya hariri ya watu.

"Zimeongezeka," alisema, macho kwenye mita.

"Uniti?"

"Siku."

Mama akakohoa jikoni. Mama yangu hana kifua, ana masikio.

Mikdad akashusha sauti. "Mwana, mwezi ujao atakuja msomaji mwingine. Nimehamishiwa Msata."

Mguu wangu ukakanyaga cherehani bila mimi kuutuma, sindano ikapita pasipo na alama. Nikasimamisha, nikaanza kufumua mshono ule uzi mmoja mmoja, nipate pa kuweka macho.

"Msata si mbali," nikasema.

"Kwa basi si mbali. Kwa mtu anayekuona mara moja kwa mwezi, ni mbali sana." Akajifanya anafuta kioo cha mita kwa kidole. "Tena kuna jingine. Jumapili mama anapeleka barua Fukayosi. Kuna binti huko, mtoto wa watu anaofahamiana nao."

"Anaitwa nani?"

"Sijauliza."

"Uliza. Na vipimo vyake uniletee, nitamshonea gauni."

"Mwana!"

"Kazi ni kazi."

Akageuka. Alinitazama kwa yale macho yake ambayo mimi huyakumbuka nikiwa nachuja mchele, nikiwa naswaki, nikiwa sipaswi kuyakumbuka. "Nifungue kiapo," alisema. "Neno moja tu nimwambie mama. Neno moja, Mwana, na Fukayosi hatuendi."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atanihurumia. Au atanikataa mara ya pili, na safari hii atakuwa na sababu."

"Na mimi je? Niseme, hutaki. Ninyamaze, unaniozesha Fukayosi. Mimi nifanye nini?"

"Soma mita," nikamwambia.

Akaandika tarakimu zake, akaweka kalamu mfukoni. Mlangoni akasimama, mgongo kwetu.

"Jumamosi unakimbia?"

"Nakimbia."

"Kilomita kumi ni mita elfu kumi."

"Najua."

"Hata nisipoonekana, nitakuwa nazihesabu zote," alisema, akatoka.

Nilimpenda mpaka nikamchukia. Nikakaa nikifumua mshono ambao ulikuwa umeshafumuka.

Nieleze hicho kiapo, maana bila kukieleza mtu atadhani mimi ni jeuri tu.

Miaka miwili nyuma nilianguka juu ya cherehani hii hii. Hospitali wakanitoboa kidole, wakasema sukari yangu ni kumi na tisa. Nilikuwa na kilo tisini na moja, na kila aliyenikuta njiani alinisifu: Mwanaharusi amenawiri, mashallah. Sidhani kama kuna mtu amewahi kusifiwa kwa maradhi yake kama mimi. Daktari akanipa vidonge, akanipunguzia wali, akaniambia nitembee. Nikawa natoka baada ya sala ya alfajiri, kutoka kwetu hadi Mwanamakuka na kurudi, nahema kila nguzo ya umeme.

Siku ya tatu nikamkuta Mikdad, ambaye huanza kazi mapema. "Kutoka kwenu hadi hapa ni mita elfu moja na mia mbili," aliniambia, hata salamu hakuna. "Nimezipima kwa miguu." Kisha akaona haya, akanisalimia. Tukatembea hivyo asubuhi nyingi, yeye upande huu wa barabara na mimi upande ule, watu wasipate la kusema. Kutembea kukageuka kukimbia. Kilo ishirini na nne zikanitoka, nikayapunguza magauni yangu mara nne kwa mkono wangu mwenyewe, na sukari ikashuka mpaka daktari akanipunguzia vidonge. Hapo ndipo mji ulipoanza kunionea huruma. Mwanaharusi amekonda, ana nini? Nilipokuwa mgonjwa walinisifu, nilipopata nafuu wakanipa pole.

Siri hiyo aliijua mama na nilimwambia Mikdad. Nikamwapisha. "Wallahi simwambii mtu," alisema, na Mikdad akisema wallahi imekwisha.

Barua ya posa ililetwa Ijumaa moja baada ya sala. Wanaume walikaa barazani, wanawake ndani. Mama yake Mikdad, Bi Mwanvita wa Kaole, akamega halua kwa vidole vyake, akaninyooshea mdomoni mbele ya wanawake wote. Kwetu mkono ule haukataliwi. Anayeukataa ameikataa nyumba nzima. Nikasita, maana nilikuwa na mwaka na zaidi sijaonja halua. Mama yangu akaogopa nisije nikaropoka kweli, akawahi: "Amefunga, dada yangu. Analipa siku zake za Ramadhani."

Mkono ukarudi kwa heshima. Mambo yangeishia hapo. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimemeza vidonge na kwa wasiwasi sikutia kitu tumboni, na haikupita nusu saa mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, sukari ikawa inashuka. Nikakimbilia jikoni. Nikajaza tende mdomoni, nikashushia na juisi ya ukwaju. Nilipogeuka Bi Mwanvita alikuwa mlangoni, amekuja kunawa mikono.

Alinitazama mashavu yalivyojaa.

"Kumbe saumu yenyewe ni ya mkono wangu," alisema.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Jioni ile ile waliiomba barua yao, wakarudishiwa.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mbio, nilikwenda kuchukua namba. Aliyekuwa anazigawa ni Lulu, rafiki yangu wa mazoezi, msichana ambaye mdomo wake hukimbia kuliko miguu.

"Kuna mbili," alisema, akaziweka juu ya meza. "Nyeupe ni ya kila mtu. Bluu ni ya wenye sukari, ili wauguzi wa njiani wakujue ukidondoka. Nami naijua sukari yako tangu siku ulipokunywa soda yangu uwanjani bila kuomba, usinikodolee macho."

Ile ya bluu ilikuwa na maandishi makubwa chini ya namba: NAISHI NA KISUKARI.

"Hawakuweza kuandika kidogo?"

"Kidogo nani atakisoma? Chukua unayotaka, shoga. Ila ukichukua nyeupe, mimi nitakimbia na wewe bega kwa bega, maana ukianguka peke yako wataanza kukusomea dua badala ya kukupa sukari."

Nilichukua zote mbili, nikazitia mkobani.

Nyumbani nikazitandaza juu ya cherehani. Mama akaja akifuta mikono kwenye kanga. Shule aliishia la nne, lakini maneno matatu yale aliyasoma upesi.

"Utavaa nyeupe," alisema.

"Mama."

"Utavaa nyeupe, Mwana. Umeshapona, unatangaza nini tena?"

"Sijapona. Nimeituliza. Daktari amekwambia tofauti yake."

"Mji huu haujui tofauti. Mji huu ukishamwita mtu mgonjwa, hata akiinua gunia atakuwa mgonjwa aliyeinua gunia. Kesho asubuhi watakujua wewe, adhuhuri watasema iko kwenye damu yetu, na binamu zako wadogo hawaposwi."

"Na mimi naposwa?"

Akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Uliniambia nifiche ili niolewe," nikasema. Sikutaka kumwambia hivyo, lakini siku mbili zile nilikuwa nimejaa mpaka juu. "Nimeficha. Nimekuwa msichana aliyedanganya saumu. Nimekuwa msichana mwenye maringo, aliyekataa mkono wa mkwe akaenda kula tende jikoni. Kuna waliosema nina mimba, mama! Mimba yenyewe ingeshazaliwa sasa. Yupi kati ya hao anaolewa kuliko mwenye sukari?"

"Nilikuwa nakuhifadhi."

"Najua."

"Nilisema lililonijia mdomoni."

"Najua, mama."

Akaketi kwenye kigoda. Ilikuwa mara ya kwanza kuona jinsi mama yangu alivyozeeka mwaka huu. "Unamtaka bado yule msoma mita?" akauliza, kama anauliza bei ya nazi.

"Namtaka mpaka usingizi unanikataa."

"Ukivaa hiyo bluu atakurudia?"

"Sijui. Hata asiporudi, mama yake atajua kwamba mkono wake sikuukataa. Hicho tu nakitaka. Nimechoka kuchukiwa kwa kosa nisilokuwa nalo."

Akanyanyuka akaenda kuchambua mchicha, akauchambua kwa hasira mpaka tukabaki na mchicha kidogo sana.

Asubuhi ya Jumamosi nilivaa suruali pana na kanzu fupi niliyoishona mwenyewe kwa kitambaa chepesi, nikajifunga ushungi, nikapata yai, kipande cha muhogo na chai isiyo na sukari. Namba ya bluu nikaibandika kifuani kwa pini mbili, ikakaa upande. Mama akanitazama kutoka mlangoni. Nikasubiri aanze.

"Njoo," alisema. Akazichomoa pini zangu, akaongeza mbili zake, akaipanga namba ile kwa kiganja. "Kama ni kuvaa, ivae imenyooka. Mshonaji mzima."

Tulianzia uwanja wa shule, watu wapata mia tatu, kwenda Kaole na kurudi. Wenye mbio zao walipotea mbele yetu kabla sijafunga kamba ya kiatu vizuri. Lulu naye akaenda zake, maana nilikuwa nimevaa bluu. Mimi nikabaki na mwendo wangu wa mtu anayekwenda kwa jirani kuazima mwiko. Njiani watu walikuwa wamesimama milangoni. Niliwaona wakisoma. Mwanamke mmoja niliyemshonea mabinti zake watatu akaweka mkono mdomoni. Nikampungia. Nilipogeuzia Kaole, naurudia mji, kila aliyetaka kujua alikuwa ameshajua, na ajabu yake kifua kilikuwa chepesi. Miguu ndiyo iliyokuwa mizito.

Kila mita mia nilijiambia, hii nayo ameihesabu. Nilimwazia mpaka nikaona aibu mbele ya malaika wangu. Nikaiwaza ile kola iliyofumuka. Nikaiwaza Msata, na mwanamke mwingine akimwonyesha mita ilipo.

Kilomita ya tisa barabara hupita sokoni, na hapo ndipo nilipowaona.

Bi Mwanvita alikuwa amesimama ukingoni na baibui lake, na Mikdad kando yake amebeba kikapu. Juu ya kikapu kulikuwa na vile vifuko vidogo vya ukili wanavyotilia halua, vitatu, vipya. Sikuhitaji kuuliza. Kesho ni Jumapili. Halua ya Fukayosi hiyo.

Sasa, mtu anayekimbia kwa kasi hapati mazungumzo ya barabarani. Mimi nilikuwa nakimbia taratibu kiasi cha kuyapata yote.

"Mikdad," Bi Mwanvita alisema, "yule si Mwanaharusi wa Bi Dija?"

"Ndiye, mama."

"Mbona karatasi yake haifanani na za wenzake? Ameandikwa nini?"

Bi Mwanvita anaisoma Kurani vizuri kuliko wanaume wengi wa Kaole, lakini hizi herufi nyingine hakufundishwa.

Mikdad akanitazama. Midomo yake ilifunguka, ikajifumba. Miezi saba alikuwa amelifunga neno lile kwa ajili yangu, na hata sasa, mbele ya herufi kubwa zinazoonwa na soko zima, alikuwa ananingoja mimi. Jasho lilikuwa limeikunja karatasi. Nikaweka viganja viwili juu yake, nikaikunjua, nikaivuta pande zote mbili ili isomeke.

Akasoma. Akasoma kwa sauti, polepole, neno moja moja, kama anavyoisoma mita yetu.

"Naishi. Na. Kisukari."

Sikugeuka kuona uso wa Bi Mwanvita. Nililia kilomita nzima iliyobaki, na atakayeniambia kwamba kulia kunakupunguzia kasi hajui kitu, hapo ndipo nilipowapita watu wanne.

Nilimaliza nikiwa wa mia mbili na themanini na kitu. Lulu alinikumbatia, akaniachia haraka. "Unatetemeka," alisema. "Muuguzi! Huyu wa bluu!"

Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, wakanitoboa kidole. "Tatu nukta nne," muuguzi alisema. "Imeshuka sana. Apewe kitu kitamu sasa hivi. Nani ana glukosi?"

"Ngoja," sauti ikasema nyuma ya kamba ya kuzuia watazamaji.

Bi Mwanvita alikuwa anahema, ushungi umemwendea upande. Mwanamke wa miaka sitini alikuwa amekuja mbio kutoka sokoni. Nyuma yake Mikdad na kikapu.

"Shikamoo, mama," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito.

"Marahaba." Akapita chini ya kamba bila kuomba ruhusa ya mtu. "Siku ile jikoni. Zile tende."

"Ilikuwa imeshuka, mama. Kama hivi."

"Na halua nilipokupa?"

"Halua ilikuwa mwiko kwangu. Na kusema niliogopa. Mkono wako sikuukataa, wallahi. Nimeuota mkono huo."

Bi Mwanvita akavuta pumzi. Akamgeukia mwanawe. "Na huyu. Miezi saba namsema vibaya mwana wa watu ndani ya nyumba yangu, amekaa kimya anakula ugali. Namuuliza njiani, ulijua? Ananijibu alijua. Kwa nini hukusema? Eti aliapa. Na leo je, mbona umesema? Ananiambia, sijasema, mama. Nimesoma."

"Kazi yangu ni kusoma," Mikdad alisema. Hakuwa anamwangalia mama yake. Alikuwa nje ya kamba, hatua tano kama kawaida yetu, ananiangalia mimi kiasi kwamba nilisahau kutetemeka.

"Glukosi haijapatikana?" muuguzi aliuliza.

Bi Mwanvita akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Lete hicho kikapu."

Akakifungua kifuko cha juu. Harufu ya iliki ikanifikia. Muuguzi akatazama, akasema kidogo tu, ndiyo, kidogo inafaa. Bi Mwanvita akanawa vidole kwa maji ya chupa, akamega, akaushusha mkono mbele ya mdomo wangu kama siku ile.

"Leo umefunga?" akauliza.

"Sijafunga, mama."

Nikala mkononi mwake. Miaka miwili sijaionja, na sikuusikia utamu wake, kwa machozi. Akamega tena, akanifuta kidevu kwa ncha ya ushungi wake, akaniambia nitafune taratibu.

"Mama," Mikdad aliita kutoka kule kwenye kamba, "si halua ya wenyewe hiyo? Ya kesho?"

Bi Mwanvita hakumtazama. Alikuwa anazinyoosha pini za kifuani kwangu.

"Imeshafika kwa mwenyewe," alisema.